Mtungi wa Veridiana

Makote, Jumatatu 13 Juni 1955

Leo mke wangu amerudi kutoka bondeni na shingo ya mtungi. Si mtungi, shingo. Aliishika mkononi kama bangili isiyomwenea, akapita nayo mbele ya darasa la pili, watoto wote wakageuza vichwa na hesabu ikaishia hapo. Bibi Zena, mzee wa hapa kijijini, alikuwa nyuma yake, amemshika kiuno, na mtungi wake mwenyewe kichwani haujamwaga hata tone.

Njia ya kushukia majini ni mteremko wa mawe na mchanga. Wanawake wa hapa wanaijua tangu wana meno ya utoto. Veridiana ni mtu wa Chiungutwa kama mimi, na kwao kisima kiko nyuma ya nyumba. Huku juu kuna upepo, muhogo, mikorosho na kila kitu isipokuwa maji. Nilipoletwa kufundisha, miaka mitatu sasa, nilimwambia atazoea. Amezoea yote, njia ile bado.

Nilimuuliza kama ameumia. Akasema, "Kilichoumia ni mtungi." Akaingia ndani akalala. Bibi Zena alibaki mpaka jioni, akamchemshia dawa zake za mizizi, akamfulia na kanga. Nilimshukuru sana. Mzee wa watu, wala si ndugu yetu.

Alhamisi 16 Juni

Bado analala. Nimesonga ugali mwenyewe, ukawa uji, tukaunywa.

Jumamosi 18 Juni

Leo ametoka. Nilifurahi, kisha nikakasirika, na hata ninapoandika hasira haijashuka.

Wanawake wa upande wetu hutwanga makopa ya muhogo uani kwa jirani yetu Mama Getrude, michi mitatu katika kinu kimoja. Michi mitatu bila wimbo ni kugongana tu. Leo Bibi Zena alianzisha wimbo mpya. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, nikausikia mwanzo hadi mwisho:

*Mtungi wa Veridiana*
*umeshuka kuteka maji,*
*umerudi shingo tupu,*
*shingo tupu, haya, shingo tupu.*

Walicheka mpaka mchi mmoja ukapiga nje ya kinu. Niliinuka na kalamu sikioni, niende nikawaulize tangu lini mke wa mwalimu akawa mtu wa kuimbwa kinuni. Kufika, namkuta mke wa mwalimu mwenyewe ndiye mwenye mchi wa tatu, anaitikia "shingo tupu" kuliko wote, na machozi ya kicheko yanamtoka.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, Mmakua wee. Umefuata shingo yako?"

Wakacheka upya. Na mimi nifanye nini? Yeye ni Myao, sisi Wamakua, ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani akikutukana, jibu lake ni tusi lingine au kicheko. Anayenuna ndiye mwenye aibu, na akienda kushtaki kwa jumbe atacheka hata jumbe. Nilicheka kidogo, meno ya mbele tu, nikarudi kwenye madaftari.

Jioni nikamwambia Veridiana, "Wanakucheka."

"Wanaucheka mtungi," akasema. "Waache waucheke mtungi."

Jumatatu 27 Juni

Upepo na vumbi. Darasa la pili wanafagia uwanja kwa "shingo tupu". Nimewapa jedwali la saba waimbe hilo.

Jumapili 17 Julai

Wimbo umeota mkia. Asubuhi wanawake walikuwa wanapanda kutoka bondeni, nami niko njiani naenda kusali, tukapishana. Waliponiona hawakunyamaza upesi wa kutosha.

*Mtungi wa Veridiana,*
*mwalimu anaujaza,*
*anajaza, haujai,*
*tumbo limebaki bondeni.*

Mtoto wa darasa la pili hataelewa. Mama yake anaelewa, na mimi nilielewa mpaka masikio yakawaka. Miaka mitatu ya ndoa na hatujapata mtoto. Hapa mwanamke akishazaa, jina lake linafunikwa. Mama Getrude ana jina lake la ubatizo, lakini mimi silijui na sijamsikia mtu akilitaja. Veridiana wangu bado ni Veridiana. Jina lake liko nje, halijapata mtoto wa kulifunika, na kila anayepita analishika.

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa Mama Getrude.

"Nani ametia maneno haya?"

"Hayakutiwa, Mwalimu. Yamekuja."

"Yametoka wapi?"

"Njiani. Mlima umetukaba, pumzi hakuna, mtu akasema neno, mwenzake akaliimba. Ni wimbo wa kupandia mlima, Mwalimu, si sala."

"Huyo mtu ni nani?"

"Mimi nilikuwa mbele, sikumwona."

Nikawauliza waliokuwa nyuma. Nao walikuwa mbele. Wanawake wote wa Makote siku hiyo walikuwa mbele.

Nikaenda kwa Bibi Zena na hasira yangu nzima nzima. Alikuwa anapeta unga. Nilipomwimbia (ndiyo, nilimwimbia, ningefanyaje?) alisimamisha ungo. "Tumbo? Nani kasema tumbo?" Akaninyooshea kidole. "Sikiliza, Mmakua. Nilichotunga mimi ni utani. Huo mwingine ni matusi, na hauna mtu." Unga ukawa unammwagikia miguuni. Nikasema moyoni, mwizi akikamatwa huangusha alichoshika. Mwanamke mnafiki.

Nyumbani nilifikiri Veridiana atalia, au atacheka kama mara ile. Hakufanya lolote. Aliniuliza tu, "Wamesema bondeni?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini palepale mlangoni, na debe la kuazima bado liko kichwani.

Jumanne 2 Agosti

Mikorosho inachanua, harufu imejaa mpaka darasani. Veridiana haendi tena kutwanga kwa Mama Getrude. Anatwanga nyuma ya nyumba yetu, peke yake. Sikujua mchi mmoja una sauti mbaya namna ile.

Jumapili 14 Agosti

Nilimweleza Padre Petro, na leo amesema madhabahuni. Veridiana alinisihi nisiende kwake. "Usiuchokonoe," alisema. "Wamechoka nao, wiki mbili tu wataimba kingine." Nikamwambia yeye ni mwanamke, hajui mambo ya utawala. Naliandika neno hili kama nilivyolisema.

Padre alikuwa mkali. Alisema wimbo wa mtungi ni wimbo wa uchafu, na atakayelitaja jina la mke wa mwalimu ndani yake hatapata komunyo. Nilikaa kifua mbele. Kisha nikaona watu wa vijiji vya mbali, waliokuja kusali tu, wanawainamia jirani zao kuuliza: wimbo gani? Mtungi upi? Na jirani zao wanawanong'oneza. Tulipotoka nje walikuwa wanaujua wote.

Veridiana alikuwa amekaa upande wa wanawake, benchi la mbele. Hakugeuka.

Jumatano 17 Agosti

Wametii. Sina hata pa kulalamikia. Jina hawalitaji kabisa. Wakifika penye jina wanafumba midomo na kuguna:

*Mtungi wa mm-mm-mm-mm-mm,*
*mwalimu anaujaza…*

Guno moja kwa kila silabi. Ve-ri-di-a-na. Limetoshea kama mpini kwenye jembe. Na guno ni baya kuliko jina, maana anayeguna anakutazama huku anaguna.

Nilirudi kwa Padre. Akasema, "Mwalimu Nikolao, niwakataze watu kuguna? Nusu ya waumini wangu wanaguna wakiniona tu." Alicheka. Nami sikumlaumu, ningekuwa yeye ningecheka.

Jumapili 4 Septemba

Wimbo wetu wa kutoa sadaka una mahali sauti inashuka hatua tano taratibu. Haukuwahi kumdhuru mtu. Leo tulipofika pale, upande wa wanaume mtu akakohoa, upande wa wanawake wakaanza kutikisika mabega. Veridiana alitoka kabla ya baraka.

Anakwenda majini saa sita mchana, jua la utosi, ili asikutane na mtu. Nimemwambia atapata homa. Akasema homa haina maneno.

Ijumaa 16 Septemba

Nimepata dawa. Nashangaa sikufikiri mapema. Wimbo hauzuiliki kwa kukatazwa, unaondolewa kwa kupewa maneno mengine. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni hiyo. Nimekesha mchana huu wote, kama mchana unakeshwa, na leo hii darasa la kwanza mpaka la nne wameujua:

*Mtungi wa maji safi,*
*ufunike, usiuache,*
*nzi na vumbi ni adui,*
*afya bora nyumbani kwetu.*

Tumbo hamna, bondeni hamna, mwalimu hayumo. Watoto wakiuimba nyumbani, mama zao watauimba vilevile, na ule mwingine utakufa.

Kasoro ni moja. "Maji safi" ina silabi nne, na lile jina lina tano. Inabaki silabi moja haina kitu, na watoto wanaijaza wenyewe: *mtungi wa maji safi, mm*. Nimewakemea. Wanasema, "Mwalimu, bila hiyo mguu unabaki hewani." Ni kweli, niliujaribu mwenyewe nikitembea, mguu unabaki hewani.

Nilimwimbia Veridiana. Alikuwa anaosha kisamvu. Akaniuliza, "Shingo umeipeleka wapi?" Nikamwambia shingo ndiyo iliyoanza balaa lote, nimeifuta. Akaendelea kuosha kisamvu kilekile, muda mrefu, mpaka nikaona majani yanachanika.

Jumanne 4 Oktoba

Mkaguzi wa shule amekuja na lori, Mzungu mwekundu wa shingo, mwenye Kiswahili kizuri cha kitabuni. Wazazi walijaa. Watoto wakaimba "maji safi", na walipofika kwenye ile silabi, si watoto tu walioguna. Uwanja mzima uliguna, mababu, mabinti, hata jumbe aliyekaa kando ya mkaguzi. Kisha wakaangua kicheko.

Mkaguzi alifurahi mno. Alisema hajaona mahali ambapo wazee wanashiriki elimu ya afya kwa moyo namna ile. Akanakili maneno. Akauliza lile guno ni la nini, jumbe akamjibu, "Ni desturi, bwana." Akaliandika na guno.

Anaupeleka Mkunya, Newala mjini, na chini kote mpaka Masasi. Alinipa mkono. Niliupokea.

Jumamosi 15 Oktoba

Mabibo yameiva, uraka umeanza. Wanaume wanauimba sasa, na wanaume wakinywa hawana habari na guno. Wanalitaja jina zima.

Alhamisi 20 Oktoba

Leo Bibi Zena alikuja shuleni watoto walipotoka. Hakutaka kuja nyumbani. Alikaa kwenye dawati la mbele, dogo, magoti yakamfika kidevuni, na ingekuwa siku nyingine ningecheka. Nilikuwa sijasema naye tangu Julai.

"Mwalimu, nimekuja kukusema, na utani nimeuacha mlangoni."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siku ile mtungi ulipovunjika, unajua mkeo alikuwa na mimba?"

Nikasema sijui. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyeulizwa jambo asilolisoma.

"Changa. Alikuwa hajakwambia, alitaka itulie kwanza. Miaka mitatu mmengoja, alikuwa anaogopa kukupa furaha ya haraka. Alianguka na mtungi, mtungi ukavunjika, na ile nayo ikatoka. Palepale bondeni. Nilikuwa mimi naye tu, wenzetu wametangulia. Nilichimba kwa mikono, nikafukia. Nikamvisha kanga yangu, nikamtia ile shingo mkononi, nikamwambia, ishike hii juu, watu waitazame hii."

Nikakumbuka ile kanga. Nilimshukuru kwa kuifua.

"Wanawake wa hapa wana macho, Mwalimu. Mtu akilala siku tano wanauliza. Nikasema nitawapa kitu cha kutazama. Mtani ana kazi gani? Nikatunga shingo. Wakicheka shingo hawataangalia chini ya shingo. Na yeye mwenyewe aliipenda, aliniambia, bibi, nikiimba ule wimbo nasahau kwa kitambo. Wiki nne aliuimba. Ulikuwa unampandisha ule mlima."

"Na tumbo?" nikamuuliza.

"Huyo aliyetia tumbo hakujua kitu. Alikuwa anasema tumbo la mtungi. Mtungi una shingo, una tumbo, ndiyo lugha. Kaokota neno gizani, likawa lenyewe." Alifuta uso na ncha ya kanga. "Nilitaka kulirudisha kwenye shingo, polepole, kinuni, kama tunavyofanya. Nilikuwa nimeanza. Kisha wewe ukampelekea padre. Kisha ukatunga nzi na vumbi. Shingo hakuna anayeiimba tena, Mwalimu. Umefuta yangu, umeacha yao."

Nilimuuliza kama anaweza kutunga mwingine. Akasema ana miaka mingi na wimbo huu sasa una miguu minane. Akaondoka. Nilibaki na dawati.

Ijumaa 21 Oktoba

Nilimwambia Veridiana kwamba najua. Akasema, "Bibi Zena kazeeka, hawezi kushika neno." Kisha akasema, "Nilitaka ujue ukiwa umecheka kwanza." Sikuelewa, kisha nikaelewa: angeniambia siku ambayo ningeucheka ule mtungi pamoja naye. Nililia mbele yake na yeye akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Nimemwambia tuhame. Nimeandika kuomba uhamisho. Lakini nihamie wapi? Mkaguzi ameupeleka kila mahali penye shule.

Jumamosi 12 Novemba

Mjomba wake, mzee Dadi, amekuja na baiskeli kutoka Chiungutwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto wa dada yake. Mume ni mwazimaji tu. Nilipoiona baiskeli inasukumwa kwenye mchanga nilijua.

Alikula, akanawa, akaulizia korosho. Kisha akasema, "Mkwe, juzi nilikuwa sokoni Newala. Watu wanapakia magunia, wanaimba wimbo wa mtungi. Wimbo mzuri, wa kubebea. Mahali pamoja wote wanaguna. Nikauliza, jamani, hapo mnaguna nini? Mimi mzee wa watu nauliza kwa wema tu. Wakanieleza."

Nikamsogezea maji ya kunywa.

"Wakanieleza jina la mwanangu, Mkwe. Mbele ya magunia."

"Nimejitahidi, mjomba," nikasema. "Nimekwenda kwa padre. Nimetunga maneno mengine."

"Nimeyasikia na hayo. Yamo ndani." Hakuwa mkali, laiti angekuwa mkali. "Simvunjii ndoa yake. Nakwenda kumpumzisha. Wimbo ukiisha, nitamleta mwenyewe kwa baiskeli hii."

Nilimtazama Veridiana aseme. Alikuwa amekwisha kufunga kanga zake, sijui tangu lini. Nilimwambia, "Usiende." Akanijibu, "Nizuie, basi," na akangoja kweli, amesimama, ananitazama. Ningemzuia kwa kitu gani? Niliyonayo yote nimeshayatumia, na kila moja limeuongezea wimbo nguvu.

Walipotoka walipita uani kwa Mama Getrude. Michi ilikuwa inatwanga kwa wimbo. Walipomwona wakanyamaza kwa heshima, na michi ikaendelea bila maneno, kwa mpigo uleule. Mama Getrude aliacha mchi akamkimbilia na muhogo wa njiani, akamkumbatia, akalia. Nilikuwa nimemweka Mama Getrude katika adui zangu. Si adui. Angekuwa adui, ingekuwa rahisi.

Jumapili 13 Novemba

Nimekuta ile shingo ya mtungi chini ya kitanda. Ameisugua, imekuwa laini.

Jumatatu 28 Novemba

Mvua ya kwanza. Wanawake wamekinga maji chini ya michirizi, hakuna anayeshuka bondeni. Nikasema, asiyepanda mlima hahitaji wimbo wa mlima, sasa utaisha. Nilisikiliza kutwa. Wanalimia wimbo uleule.

Jumatano 21 Desemba, Chiungutwa

Shule tumefunga. Nimeshuka leo kwa miguu kuja kumwomba mke wangu, na njiani, Mkunya, nilipata tumaini ambalo ni lazima niliandike jinsi lilivyokuja, maana halikukaa.

Mvua ilinitupa chini ya banda la korosho. Watoto watatu wa pale, wasionijua, walikuwa wanarukaruka wakiimba:

*Mtungi wa mm-mm-mm-mm-mm,*
*ufunike, usiuache,*
*nzi na vumbi ni adui,*
*tumbo limebaki bondeni.*

Nikawauliza, "Hapo mnaguna nini?"

"Hatuguni kitu," akasema mkubwa wao, binti wa kama miaka minane. "Ndivyo ulivyo. Hapo hapana neno."

"Na tumbo limebaki bondeni, maana yake nini?"

"Ni tumbo la kuhara. Ukinywa maji ya bondeni hujayachemsha. Tumefundishwa shuleni."

Jina limekwisha! Maana imekwisha! Maili chache tu kutoka kwetu, na hakuna anayejua. Nilitembea sehemu iliyobaki ndani ya mvua na sikuhisi mvua. Nilipofika kwa mzee Dadi hata sikukaa.

"Mjomba, umeisha."

"Umeisha?"

"Wanaguna lakini hawajui wanaguna nini. Nimewauliza mwenyewe."

Alinisikiliza. Kisha akainua kidole, tukanyamaza. Nyuma ya nyumba wasichana wa pale walikuwa wanatwanga, na nilikuwa nimepiga kelele kiasi cha kutosikia. *Mtungi wa mm-mm-mm-mm-mm.* Mzee Dadi akasema taratibu, "Nilisema wimbo, Mkwe. Sikusema jina."

Veridiana akatoka jikoni na maji ya kunawa. Amenenepa kidogo. Alinisalimu vizuri, akanitoa tope miguuni kama zamani, na nilidhani labda. Nikamwambia habari za watoto wa Mkunya. Akauliza, "Walisema hapana neno?"

"Ndivyo walivyosema."

Maji yakatiririka mkononi mwake mpaka kata ikaisha.

"Nilikuwa na jina huko," akasema. "Baya, lakini langu. Na mwanangu alikuwa na kaburi, hata kama ni la kwenye wimbo. Sasa mimi ni pale wanapoguna, na yeye ni tumbo la kuhara." Hakusema kwa hasira. "Ningerudi, Nikolao, nikapita hapo njiani, mtoto aniimbie bila kunijua. Nitamkasirikia nani?"

Nikamwambia mimi. Unikasirikie mimi. Akasema amejaribu, haimtoshi.

Nalala hapa leo, kesho napanda.

Alhamisi 22 Desemba

Nimepanda peke yangu. Njia ni ndefu na mwili una kanuni zake. Sitaandika nilipandia wimbo gani.

Makote, Jumatatu 16 Januari 1956

Shule imefunguliwa. Uhamisho umekataliwa, mkaguzi amesema shule hii ni ya mfano. Mvua nzuri, mahindi yamefika magotini. Bibi Zena amenitumia unga bila salamu.

Darasa la kwanza wapya, wadogo sana, walikuja wakiwa tayari wanaujua. Waliuanza wenyewe mstarini asubuhi, mbele ya bendera, bila kuambiwa. Walipokaribia pale niliinua mkono kuwazuia. Wakadhani nawashikia mpigo. Wote wakautazama mkono wangu, wakaguna kwa nguvu, vizuri, pamoja, mara tano.